Kilango cha hewa kinavyopunguza moshi wa magari

KATA ya Fukayosi, wilayani Bagamoyo, inapitiwa na barabara iendayo Msata, ambayo magari yatokayo Dar es Salaam huweza kuitumia kwenda Tanga, Kilimanjaro na Arusha bila kupita Chalinze. Kila gari lipitalo huwaachia wakazi moshi wa ekzosi, na wingi wa sumu iliyomo hutegemea sana namna injini inavyopimiwa hewa na mafuta.

Madereva wengi huamini kuwa kukanyaga pedeli ni kumwaga mafuta. Katika gari la petroli sivyo. Pedeli hufungua kilango kinachoingiza hewa kwenye injini, na mafuta hufuata kwa kipimo. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Hewa ikipungua, hutoka kaboni monoksaidi, gesi inayoua bila kunusika, pamoja na mabaki ya petroli.

Katika magari ya zamani yenye kabureta, pedeli iliunganishwa na kilango kwa waya, na dereva alipokanyaga ghafla kipimo kiliharibika. Katika mengi ya kisasa, pedeli hupeleka taarifa kwa kompyuta, nayo huamua kilango kifunguke kiasi gani na mafuta yapulizwe kiasi gani. Sensa ya ekzosi hupima oksijeni iliyobaki ili kipimo kirekebishwe.

Usahihi huo ndio unaoyawezesha masega ya ekzosi, yenye madini kama platinamu, kuigeuza sumu kuwa hewa ya ukaa, mvuke na naitrojeni. Masega huharibiwa na madini ya risasi, hivyo kuondolewa kwa petroli yenye risasi Kusini mwa Sahara, mwaka 2006 ulipoanza, kulikuwa hatua kubwa.

Kwa malori ya dizeli, pedeli huamuru mafuta, si hewa. Moshi mweusi hutoka mafuta yanapozidi hewa. Pampu inayoongozwa na kompyuta huyazuia mafuta hadi hewa itoshe.

Hata hivyo, mitambo hiyo haina faida iwapo masega yameng'olewa, kilango kimejaa masizi, au taa ya injini imeachwa ikiwaka kwa miezi. Anayeahirisha matengenezo hayo huokoa fedha zake, lakini moshi huvutwa na wachuuzi na watoto wa shule walio kando ya barabara.