Kata Haibebi Mgonjwa

Siku ya nne tangu kiharusi kimwangushe shangazi nyumbani kwake Kongwa, Dodoma, binamu yangu alitoa kanga kwenye mkoba, akaisokota, akaizungusha ikawa kata nzuri, kisha akaipitisha chini ya makalio ya mama yake pale wodini. Alikuwa ameona weusi fulani juu kidogo ya makalio, si mkubwa kuliko sarafu ya shilingi mia tano. Nesi wa zamu ya jioni alipofika aliivuta ile kata taratibu. "Dada yangu, hii ni ya kubebea ndoo. Mgonjwa halazwi juu yake."

Binamu aliona tundu la katikati litampunguzia mama maumivu. Kumbe uzito wa mtu haupotei. Unahamia kwenye ukingo wa kata, ukingo unabana mishipa kwa kuzunguka, na nyama ya katikati, ile ile tuliyotaka kuinusuru, inabaki kisiwa kisichofikiwa na damu.

Majeraha ya namna hii watu huyaita vidonda vya kulala. Kwenye vitabu ni vidonda vya mgandamizo, na jina hilo la vitabuni linasema kweli zaidi. Mwaka 1930 mtafiti Eugene Landis aliingiza sindano nyembamba mno ya kioo kwenye mishipa midogo kabisa ya damu, kwenye ngozi ya ukingo wa ukucha, akakuta damu inaingia humo kwa shinikizo la takriban milimita 32 za zebaki. Ukipimwa presha ukaambiwa 120 kwa 80, hiyo ni kama robo ya ile namba ya juu. Mwili uliolala huweza kulizidi shinikizo hilo kwa urahisi pale mfupa unapokaribia ngozi: juu ya makalio, visiginoni, kwenye nyonga, viwikoni, kisogoni. Mimi na wewe tunanusurika kwa sababu tunajigeuza usiku kucha bila kujua. Aliyepooza, aliyezimia, au mzee ambaye sukari imemtia ganzi miguuni hapati ishara ya kujigeuza kutoka mwilini mwake, au hawezi kuitii.

Ubaya ni kwamba misuli huumia kabla ya ngozi. Jeraha linaweza kuanzia ndani, kwenye mfupa, likapanda juu, kama embe lililoanguka: ganda zima, ndani limeshaoza. Ule weusi wa shilingi mia tano ulikuwa paa tu la nyumba yenyewe.

Na hapa pana jambo linaloniudhi kidogo. Kwa miaka mingi mafunzo yalisisitiza kutafuta wekundu usiotoweka ukibonyeza kwa kidole. Wekundu upi, kwa bibi wa Kigogo? Kwenye ngozi nyeusi dalili ya kwanza hutafutwa zaidi kwa mkono. Tumia mgongo wa kiganja: je, hapa pana joto au baridi kuliko ngozi ya jirani? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama unga uliokandwa? Kisha tazama kwa mwanga wa dirishani kama pameiva zambarau au panang'aa isivyo kawaida. Jua la Dodoma halina uhaba; fungua pazia.

Ludwig Guttmann, daktari aliyeanza kuhudumia askari waliovunjika uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, alipokea watu ambao wenzake walishawakatia tamaa, wengi wakifa kwa vidonda hivi na maambukizi ya mkojo. Aliamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Hesabu yake ni nzito. Wodi yenye wagonjwa kumi wa namna hiyo inadai kugeuza mara 120 kwa siku, na kila mara watu wawili, ili mgonjwa ainuliwe kwa shuka badala ya kuburutwa. Manesi wa zamu ya usiku hawatoshi kwa kazi hiyo. Ndiyo maana ndugu anayeuguza ni sehemu ya tiba, apende asipende.

Godoro nalo lina neno lake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika nyumba za wazee Marekani na Kanada ulikuta kwamba, wakilalia sponji zito na zuri, wazee waliogeuzwa kila baada ya saa mbili, tatu au nne hawakutofautiana kwa vidonda. Sponji lililokwisha kubonyea katikati halimo katika habari hiyo, hata kama limeandikwa Dodoma, jina tunalolisoma kwenye magodoro nchi nzima.

Yule nesi hakumlaza shangazi kabisa kwa ubavu, kwa kuwa nyonga nayo ni mfupa. Alimwinamisha kidogo, kama nyuzi 30, akaweka mto nyuma ya mgongo, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie hewani. Alishusha kichwa cha kitanda baada ya uji, maana mgonjwa aliyeinuliwa sana huteleza kuelekea miguuni; ngozi inabaki imeng'ang'ania shuka huku mfupa unashuka, na mishipa inavutwa katikati. Binamu alipotaka kuchua ule weusi kwa mafuta, alimzuia pia. Kusugua palipoumia kunachana zaidi kilichochanika.

Chakula tulikijua wenyewe, ila hatukukitilia uzito. Mzee wa kilo 50 aliye hatarini huhitaji protini gramu 60 hadi 75 kwa siku, na ugali wa uwele na mlenda mtupu haufiki huko. Mlenda ukiungwa karanga, na yai likiongezwa kwenye uji, safari inafupika.

Binamu alichana karatasi ya daftari, akaandika: saa kumi kushoto, saa kumi na mbili chali, saa mbili kulia. Simu ikawekewa kengele. Saa nane usiku, ilipolia tena, shangazi alifumbua jicho moja.

"Mnanigeuza kama chapati," alisema kwa ulimi mzito, akalala akitazama ukuta.