Fare ya Kurudi

Songa kidogo hapo kwa ukuta, kaa chini, kuna story ya jamaa wa Phase yetu. Amerudi.

Unamjua. Ule wa kona, karibu na kinyozi. Alitoka Buru 2016, akaishia Minnesota, kwenye baridi inauma maskio. Miaka tisa, buda. Hakurudi Krisi hata moja. Cucu yake akazikwa ocha, jamaa akaangalia matanga kwa simu, ndani ya parking ya job, saa tisa usiku ya huko. Papers zilikua hazijaiva. Na ukitoka huko bila papers, mlango unafungwa nyuma yako. Hio weka kando kwanza, nitairudia.

Tuanze na airport. Mathe yake alikodisha nissan nzima. Ndani kulikua na maanti wanne, jirani na filimbi, na uncle mkubwa mwenye anajuanga kila kitu. Uncle akasema kijana wa Marekani hawezi pitishwa Outering, ati kuna mashimo na jam. Manze! Hio Outering yake ilikufa kitambo. Ilipanuliwa, saa hii ni dual carriageway na mafootbridge. Kutoka airport unapita Taj, unapita Donholm, umefika Buru. Lakini mzee akishasema, amesema. Wakapanda Expressway, hio ya juu kwa juu, 27 km Mlolongo hadi Westi, ilifunguliwa 2022. Wakalipa toll, wakashukia Haile Selassie, alafu wakarudi na Jogoo Road yote hadi Buru. Yaani walitoa doo ndio wazunguke. Wazee na directions, achana nao.

Kwa ground vitu ni different. Shika hio line, utaihitaji.

Siku ya pili jamaa akakuja base. Tukasimama wote, gota hapa, hug pale. Alafu akafungua mdomo. Akasema: "Swag!"

Base ikanyamaza. Hata mbwa ya caretaker iliangalia kando.

Swag, buda. 2025. Sheng inaexpire kaa maziwa ya packet, na ya huyu msee ilibaki kwa departure siku ile alitoka. Alikua amemiss Gengetone mzima. Ethic walidrop Lamba Lolo 2018, mtaa ukawaka, mbogi zikamea kila corner, alafu ikapoa, Arbantone ikaingia, na jamaa yuko tu "swag". Ma-youngin wa form three walicheka hadi wakalala kwa ukuta.

Lakini wacha niseme kitu straight. Sheng ya kitambo si aibu. Ni ya mtaa, ilizeeka tu. Aibu ni twang. Msee amelelewa Buru, amekula chapo madondo na mkono, alafu anarudi anaitisha "wara". Wara ni nini? Huyu wetu hakua na twang hata kidogo, na hapo ndio aliokoka. Sheng ya kitambo tunaupdate na wiki mbili. Twang haina dawa.

Akaenda kwa mama mboga, akanunua nyanya za finje, akaitisha juala. Mama akamwangalia kaa ameitisha bangi. Maplastic zilipigwa ban August 2017, na ukishikwa unaweza chapwa faini hadi milioni nne ama uingie ndani miaka nne. Akabeba nyanya na kofia. Kwa ground vitu ni different.

Sasa luku. Hapa ndio watu wa majuu wanaanguka. Jamaa alikua amevaa njumu mpya kutoka box, alinunua dola 180, amezitoa vumbi kila dakika tano. Dogo wa base akakuja na zake. Brand moja, model moja, rangi moja, na ziko clean kuliko za huyo. Ametoa wapi? Gikosh. Kamera. Ngiri mbili na nusu, na alibargain. Unajua mtumba inatoka wapi? Huko huko majuu. Yaani viatu ziliabiri meli zikafika Buru mbele yake. Usibebe luku kutoka ng'ambo, msee. Bebea watu chocolate, nguo utanunua hapa.

Alafu kuna doo. Jamaa alitoka bado dola ni kaa bob 101. Mwanzo wa 2024 ikapita 160, akaanza kupanga budget ya kurudi na hio rate. Dola ikashuka hadi 129 na ikakaa hapo. Piga hesabu. Kila dola elfu imepoteza ngiri thelathini kwa hewa. Mpango wa keja ukakua mpango wa kitanda.

Na bado kuna sherehe. Weekend ya kwanza tulienda club moja Westi, jina nawacha. Table ya watu wanne ikafika watu kumi na saba. Sijui walitoka wapi. Kila mtu alikua "cuzo". Bill ikakuja, 46K, na wale macuzo wote wako toilet. Kutoka hapo simu yake haikunyamaza. "Brathe, unatuachaje?" "Brathe, tuma na ya kutoa." Msee akirudi, mtaa unamuona kaa ATM imevaa jacket. Hio tabia ni mbaya, na nasema nikiwa hapa base: tuwache.

Wazee nao wakaingia na mawaidha. Ati nunua plot Joska, bei inapanda. Ati oa, Krisi isikupate hivo. Ati leta gari yako ya huko, returning resident halipi ushuru. Uncle tena! Ushuru unasamehewa kweli, lakini lazima ukae nje miaka miwili ama zaidi, gari ikue yako zaidi ya mwaka, na isizidi miaka nane. Na ikue steering ya kulia. Ya Marekani iko left, mzee. Left! Uncle akasema atabonga na mtu wake bandarini. Uncle hana mtu bandarini.

Sasa skia penye story imeshika.

Saturday jamaa akasema anataka kuingia mtaa na mat, vile alitoka. Tukampeleka stage ya 58 tao. Nganya safi, graffiti imeiva, ngoma inapasua kifua, screen mbele. Amekaa window, meno yote nje. Kange akakuja: "Soo, soo, wacha soo." Mpesa hana, line yake ilishapewa mtu mwingine kitambo. Akaingia nyuma ya cover ya simu, akatoa noti. Thao. Ile ya kitambo, yenye sura ya Mzee Kenyatta, imekunjwa mara nne hadi imekua laini kaa kitambaa.

Kange akaishika kwa mwangaza. "Buda, hii ilikufa 2019. September 30. Ulikua wapi?"

Mat yote ikacheka. Mi sikucheka. Mi niliijua hio noti.

2016, usiku kabla asafiri, base ilichanga. Mbao, finje, ashu, mwingine akatoa soo ya fare ya kesho. Tukazipeleka kwa duka zibadilishwe zikue noti moja. Tukampea, tukamshow: hii ni fare ya kurudi. Ukichoka huko, panda 58 ukuje.

Miaka tisa hakuitumia. Kwa baridi, kwa night shift, ile usiku ya matanga kwa parking, hio thao ilikua kwa simu. Watu wa diaspora walituma Kenya zaidi ya dola bilioni 4.9 mwaka wa 2024 pekee, na ndani ya hio doo kuna yake. Ilimlipia sistake fees. Ilitoa mmoja wetu hosi, na huyo msee yuko hapa base saa hii, anatembea. Alituma kila kitu. Noti moja tu ndio hakutuma, juu ilikua ticket yake.

Nikatoa soo, nikamlipia. Huyo wa hosi akasema hapana, nalipa mimi. Tukabishana hadi kange akachoka. Mwisho kila mtu alitoa mbao, vile tulifanya 2016. Jengo la Taj Mall liliangushwa 2018, na stage bado inaitwa Taj. Ni vile vile na jamaa: miaka tisa nje, bado ni wa hapa.

So kama uko Doha, Dallas ama Dubai na unapanga kurudi, skia mtu wako. Miezi mitatu ya kwanza usinunue plot, usinunue gari, usinunulie watu kumi na saba pombe. Kaa base, uliza bei, uliza nani amekufa, uliza nani amezaa. Twang iwache kwa ndege.

Na nyi wa mtaa, msee akirudi msimuulize ametuachaje. Muulizeni amekula.

Ile thao iko kwa kinyozi, imebandikwa juu ya kioo. Hainunui hata smokie. Lakini ukirudi usistress kuhusu fare. Panda 58, utupigie ukifika. Tutalipa.