Wiki za Kwanza Baada ya Majibu: Mgonjwa wa Saratani ya Titi na Uamuzi wa Tiba

Karatasi ya majibu ya maabara ya patholojia huwa fupi. Mara nyingi haijazi hata ukurasa mmoja. Ndani yake mna maneno machache yaliyopimwa: aina ya saratani, daraja lake, hali ya vipokezi. Daktari huisoma kwa dakika mbili. Mwenye karatasi huisikia kwa namna nyingine kabisa. Neno "saratani" likishatamkwa, mengi yanayofuata humpita, naye huondoka chumbani akikumbuka rangi ya pazia kuliko jina la dawa. Wauguzi wa kliniki za matiti wanalijua sana jambo hili, na walio makini hawakubali mazungumzo ya siku hiyo yawe ya mwisho. Humpangia mgonjwa siku ya kurudi, humwomba aje na mtu anayemwamini, na humshauri aandike maswali yake kwenye daftari.

Hofu huwasukuma wagonjwa pande mbili. Wapo wanaotaka titi liondolewe kesho asubuhi, na wapo wanaotoka mlangoni wasionekane tena. Wote wawili wanahitaji kuelezwa ukweli mmoja kuhusu muda. Uvimbe wa saratani ya titi kwa kawaida umekuwa ukikua kwa miezi mingi, pengine miaka, kabla ya kugunduliwa. Wiki moja au mbili za kuuliza na kutafakari hazimpotezei mgonjwa nafasi ya kupona. Miezi ni habari nyingine. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 1999 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba wanawake waliochelewa miezi mitatu hadi sita tangu dalili zilipoanza hadi tiba waliishi muda mfupi kuliko wenzao waliowahi. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021, linataka uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza.

Ni katika wiki hizo ndipo ushauri humiminika kutoka kila upande: mawifi, majirani, wauza dawa za mitishamba. Msemo usiokosekana ni kwamba kisu huamsha saratani. Si haki kuucheka. Watu walioueneza waliona kwa macho yao: mama alipasuliwa, kisha miezi michache baadaye akazikwa. Wasichokiona ni kwamba alifika hospitalini saratani ikiwa imekwisha kusambaa kwenye mapafu, ini au mifupa, na kwamba kisu kilimkuta katika hali hiyo, hakikuileta. Mhudumu wa afya anayelijibu jambo hili kwa ukali humrudisha mgonjwa kwa mganga; anayelieleza kwa utulivu, hata mara tatu, humbakiza.

Swali linaloumiza kuliko yote ni hili: je, ni lazima titi liondolewe? Kwa miongo mingi jibu lilikuwa ndiyo, tena pamoja na misuli ya kifua, kwa kufuata njia ya William Halsted, daktari mpasuaji wa Baltimore mwishoni mwa karne ya 19. Baadaye Bernard Fisher nchini Marekani na Umberto Veronesi mjini Milan waliwagawa wanawake kwa kura za kitafiti, baadhi wakaondolewa titi zima na wengine uvimbe tu. Matokeo ya miaka 20 ya tafiti zote mbili yalitolewa mwaka 2002: walioondolewa uvimbe na walioondolewa titi waliishi sawa. Hata hivyo utafiti wa Fisher ulionyesha pia kwamba pasipo mionzi, saratani ilirudi kwenye titi lile lile kwa zaidi ya theluthi moja ya waliobakiziwa titi. Waliopata mionzi, ni takriban asilimia 14 tu.

Hapo ndipo hesabu ya nyumbani inapoingia. Mashine za mionzi hazipo kila mkoa. Mwanamke wa Rukwa anayechagua kubakiza titi anachagua pia safari ndefu hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, na wiki tatu au zaidi za kulala kwa ndugu, huku shamba na watoto wakimsubiri. Mwanamke huyo akiamua titi liondolewe ili apunguze safari, asihesabiwe kuwa hakuelewa. Lakini aambiwe mapema kwamba uvimbe ukiwa mkubwa kuliko sentimeta tano, au tezi nyingi za kwapani zikiwa na saratani, mionzi huhitajika hata titi likiisha kuondolewa. Kumficha hilo na kulitaja baada ya upasuaji ni kumvunja moyo mara mbili.

Tena saratani ya titi si ugonjwa mmoja. Ile yenye vipokezi vya homoni hutibiwa kwa vidonge kama tamoksifeni, ambavyo vikimezwa kila siku kwa miaka mitano hupunguza vifo kwa takriban theluthi moja. Yenye protini ya HER2 kwa wingi ina dawa yake mahususi, trastuzumabu. Isiyo na chochote kati ya hivyo hutegemea zaidi kemikali na upasuaji. Kwa hiyo kipimo cha vipokezi si anasa, na ubora wake huanzia mbali na maabara: kinyama kinapaswa kutiwa kwenye formalini ndani ya saa moja tangu kitolewe, kikae humo kwa saa zisizopungua 6 wala kuzidi 72. Chupa iliyosahauliwa dirishani mwa hospitali ya wilaya kwa wiki nzima inaweza kumnyima mtu tiba iliyomfaa.

Baada ya maelezo yote hayo, jibu linalosikika mara nyingi ni, "Daktari, wewe ndiye unayejua, amua tu." Jibu hilo lina heshima ndani yake, na wakati mwingine lina uchovu. Daktari aseme anachopendekeza na sababu zake. Kumrundikia mgonjwa machaguo na kunyamaza si kumheshimu. Ila kwanza amwulize: "Mama, ni jambo gani hutaki likupotee katika matibabu haya?" Mmoja atataja mkono wa kulimia, kwa kuwa upasuaji wa kwapa huweza kuuletea uvimbe wa kudumu. Mwingine atataja mtoto anayetamani bado kumzaa, na hilo ni la kuzungumzwa kabla ya dripu ya kwanza, si baada ya mizunguko sita. Mume, kaka au shangazi wana nafasi yao katika kikao, na mara nyingi ndio wenye nauli. Saini ya ridhaa hubaki kuwa ya mgonjwa.

Kuhusu moyo wenyewe, hakuna namna moja iliyo sahihi ya kupokea habari hizi. Kulia, kukasirika, kukaa kimya, kusali usiku kucha: yote hutokea, na sala haigombani na dawa. Kinachotakiwa kuangaliwa ni usingizi na hamu ya chakula vinavyopotea kwa wiki mbili na zaidi, au maneno ya kutotaka kuishi. Hayo yana tiba, na yaelezwe kliniki kama maumivu mengine. Watoto nao waambiwe kwa lugha ya umri wao, maana nywele za mama zitakapoanguka watajitungia maelezo ya kutisha zaidi. Nywele huota tena miezi michache baada ya kemikali kwisha.

Wakati wa kemikali lipo jambo moja ambalo zahanati ya kijijini inaweza kuokoa maisha kwalo. Mgonjwa akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, asipewe parasetamoli na kurudishwa nyumbani. Chembe nyeupe za damu huenda zimeshuka, na maambukizi humwua mtu wa hali hiyo kwa siku chache. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, usiku ukiwa usiku, na kadi yake ya matibabu ionyeshwe mapokezi kabla hajaketi kwenye foleni.