Kutoka Kabati hadi Kompyuta: Safari ya Waraka wa Chuo na Nafasi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Katika vyuo vikuu vya Kongo, haki ya mtu mara nyingi hukaa katika karatasi moja. Aliyemaliza masomo miaka thelathini iliyopita, na leo anatakiwa kuthibitisha alama zake, hutegemea jalada ambalo huenda limefungwa kwa kamba, likawekwa juu ya kabati na kuanza kuliwa na mchwa. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari nalo laweza kupotea. Na hata likiwepo, lisipopatikana linapohitajiwa, ni sawa na lisilokuwepo.

Ndiyo sababu ofisi nyingi hutamani kuingiza karatasi zao katika kompyuta. Makala haya yanaeleza hatua nne za kazi hiyo: kupiga picha, kusoma herufi, kutia faharasa na kuelekeza waraka kwa wahusika. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba sehemu ngumu ya kazi hii ni ya lugha kuliko ya mashine.

2. Kutoka karatasi hadi picha

Mashine ya kuskani, yaani skana, haisomi waraka. Huugawa katika nukta na kupima mwanga wa kila nukta. Kipimo kinachotumika sana kwa maandishi ya kawaida ni nukta 300 kwa kila inchi. Kwa kipimo hicho ukurasa mmoja wa A4 huwa na nukta zipatazo 2480 kwa upana na 3508 kwa urefu, yaani karibu milioni 8.7. Ukipigwa kwa nyeusi na nyeupe tupu, huchukua takriban baiti milioni 1 kabla ya kubanwa; ukipigwa kwa rangi, hufikia baiti milioni 26.

Uchaguzi huo si wa akiba ya nafasi peke yake. Mhuri wa buluu juu ya sahihi nyeusi hutenganika vizuri katika rangi, lakini katika nyeusi na nyeupe viwili hivyo huwa doa moja. Hati yenye mhuri, kwa hiyo, yafaa ipigwe kwa rangi. Barua ya kawaida iliyochapwa haihitaji gharama hiyo. Kwa uhifadhi wa muda mrefu kuna muundo wa PDF/A, uliotangazwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 2005, ambao hubeba ndani yake kila kinachohitajika ili ukurasa uonekane vilevile baada ya miaka mingi.

3. Kutoka picha hadi herufi

Picha ya ukurasa haitafutiki kwa neno. Programu ya kutambua herufi hulinganisha maumbo ya nukta na maumbo ya herufi inazozijua, kisha huandika matokeo nyuma ya picha. Mojawapo ya programu hizo, Tesseract, ilianza kutengenezwa na kampuni ya Hewlett-Packard mwaka 1985, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2005, na sasa ina data ya Kiswahili.

Hata hivyo, mipaka ni mingi. Nakala za kaboni, karatasi zilizorudufishwa kwa stensili na maandishi ya mkono huipotosha mashine. Zaidi ya hayo, kuna matini ambazo hata zikisomwa herufi kwa herufi bado hazijaeleweka. Mfano unaojulikana ni Vocabulaire de la ville d'Élisabethville, historia ya jiji iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965. Tahajia yake na mgawanyo wake wa maneno hautabiriki. Hata Johannes Fabian, aliyeichapisha mwaka 1990, alihitaji msaada wa Kalundi Mango, aliyeisoma kwa sauti ili sikio litambue kile ambacho jicho halikukitambua.

4. Faharasa

Hapa ndipo mfumo husimama au kuanguka. Kila waraka hauna budi kupewa maelezo machache yasiyobadilika: aina, tarehe, mwandishi, mhusika na mahali. Katika Kongo mambo mawili ya mwisho yana historia ndefu.

Chukua mahali. Élisabethville iliitwa Lubumbashi kuanzia 1966. Mkoa wa Katanga uliitwa Shaba kati ya 1971 na 1997, ukarudia jina lake, kisha mwaka 2015 ukagawanywa kuwa mikoa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Chuo chenyewe kilifunguliwa mwaka 1956, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire mwaka 1971, kikapata uhuru wake tena mwaka 1981. Anayetafuta kwa jina moja tu atakosa makaratasi ya miaka mingine yote.

Majina ya watu yana ugumu huohuo. Mwaka 1972 raia wa Zaire walitakiwa kuacha majina ya Kikristo na kuchukua ya asili. Mwanafunzi aliyeandikishwa 1970 kwa jina moja huenda alipata diploma 1974 kwa jina jingine. Kwa kompyuta hao ni watu wawili. Ongeza tahajia: sauti ambayo Kiswahili sanifu huiandika ch, kwa desturi ya Kifaransa huandikwa tsh, na wengine huiandika c. Tshiluba, Chiluba na Ciluba ni lugha moja kwa msomaji, lakini ni maneno matatu kwa mashine. Dawa yake ni kuifanya namba ya matrikule kuwa ufunguo wa jalada, na kuyaorodhesha majina yote chini yake bila kufuta hata moja.

Tatizo la tatu ni la sarufi. Programu nyingi za kutafuta zilibuniwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mwishoni, nazo hukata mwisho ili kupata shina. Katika Kiswahili mabadiliko mengi hutokea mwanzoni: cheti na vyeti, waraka na nyaraka, uamuzi na maamuzi. Anayetafuta «vyeti» hatapata kilichoandikwa «cheti». Kwa hiyo orodha ya istilahi haina budi kuwekwa katika umoja, ikionyesha wingi wake na neno la Kifaransa linalolingana nalo, kwa kuwa barua za ofisi huandikwa Kifaransa ilhali waombaji wengi hueleza shida zao kwa Kiswahili.

5. Njia ya waraka

Baada ya kutiwa faharasa, waraka huanza kutembea. Aina yake ndiyo huamua njia. Ombi la hati ya alama, kwa mfano, laweza kupokelewa na sekretarieti na kupewa namba na tarehe. Likapelekwa kwa apariteri kuhakikisha uandikishaji, kwenye kitivo kuhakikisha alama, na mwisho kwa Katibu Mkuu wa Taaluma kwa sahihi. Katika kila kituo mfumo huandika nani alipokea, lini, na alifanya nini.

Faida yake ni kwamba swali «barua yangu iko wapi?» hupata jibu lisilotegemea kumbukumbu ya karani. Hatari yake ni kuingiza katika kompyuta njia mbovu iliyokuwapo kwenye karatasi: sahihi sita palipohitajiwa mbili zitabaki sita. Yafaa njia inyooshwe kwanza.

Je, karatasi ichomwe? La. Kanuni za Kidijitali za Kongo za mwaka 2023 zinayapa maandishi ya kielektroniki nguvu ya ushahidi iwapo mwandishi wake anatambulika na ukamilifu wake umelindwa. Masharti hayo hayatimizwi na picha peke yake. Asili ya diploma na ya kumbukumbu za baraza la mitihani ibaki. Na kwa kuwa umeme hukatika na mashine hufa, nakala za kompyuta ziwekwe mahali zaidi ya pamoja.

6. Hitimisho

Skana yaweza kununuliwa kwa siku moja. Orodha ya istilahi, majina na tahajia hainunuliwi. Hutungwa na watu wanaojua lugha na historia ya mahali. Idara za Kiswahili zina wajibu wa kuitunga kabla ya kabati la kwanza kufunguliwa, kwa maana jalada lililoingizwa kwa jina lisilo lake limepotea mara ya pili, na safari hii bila hata vumbi la kuonyesha lilipokaa.