Maji ya Kioo Si Pambo la Gari



Sisi tunaopanda lori kwenda shambani tunaijua hali hii. Gari la mbele limerusha tope. Dereva anawasha waipa bila maji, na tope linapakwa kioo kizima. Jua la asubuhi likipiga hapo, haoni kitu. Tumewahi kupanda lori ambalo utingo alikuwa akitoa mkono dirishani na kumwagia kioo maji ya chupa huku gari linakwenda. Tulifika, lakini kufika kwa bahati si usalama.

Mara nyingi ubovu huu hauhitaji fedha. Utafutwe kwa mpango.

Kwanza, hakikisha tangi lina maji. Geuza ufunguo bila kuwasha injini, bonyeza swichi ya maji, usikilize. Pampu ikiwa kimya, angalia fyuzi na nyaya. Ikinguruma, tatizo limo katika njia ya maji. Usiiendeshe pampu tangi likiwa tupu, itaungua.

Pili, fungua boneti, chomoa mpira unaoingia kwenye kitundu cha kurushia maji, na mwenzako abonyeze swichi. Maji yakitoka kwa nguvu, kitundu ndicho kilichoziba. Yakitoka kwa unyonge, fuata mpira kurudi nyuma: pengine umekunjika, umepasuka au umechomoka kwenye kiungo. Ukiwa mzima, osha tangi na chujio la pampu, maana matope na utando wa kijani hukaa humo.

Tatu, safisha kitundu. Mpira ukiwa bado umechomolewa, ingiza sindano nyembamba taratibu, kisha puliza kwa upepo kutoka nje kwenda ndani. Mpira ukiwa umeungwa usipulize, uchafu utarudi kwenye pampu. Kama ni chokaa ya maji ya kisima iliyoganda, kitoe kitundu ukiloweke katika siki. Ukimaliza, kama ni cha kigololi, kigeuze kwa ncha ya sindano mpaka maji yapige juu kidogo ya katikati ya kioo.

Jaza maji safi yaliyochujwa. Usitie sabuni ya unga; huganda na kuziba tena.

Kazi hii ni ya dakika chache. Lakini dakika hizo ni za nani? Msimamizi husema, "Ondokeni hivyo hivyo, tumechelewa." Na sisi tunaolipwa kwa kilo humpigia dereva kelele kwamba anatupunguzia mavuno. Hapo tunakosea. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, kifungu cha 13, unataka mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki, alindwe asiadhibiwe isivyostahili.

Kwa hiyo kamati ya kila tawi idai mambo mawili: lori likaguliwe kabla ya safari, na muda wa ukaguzi uhesabiwe kuwa muda wa kazi. Na dereva akisema haondoki mpaka kioo kioshwe, tushuke tumsaidie. Macho yake asubuhi ile ni macho yetu sote.