Mlango Uliofunguliwa kwa Matayarisho

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa, na Wajapani ni mashahidi wa kauli hiyo. Filamu, katuni na michezo yao ya televisheni aghalabu hutungwa kwanza kwa ajili ya watazamaji wa nyumbani, ambao wanazidi milioni 120. Hata mchezo wa Oshin, ulioanza kuonyeshwa na shirika la NHK mwaka 1983, ulisimulia dhiki za msichana wa kijijini kwa Wajapani wenyewe, kabla ya kuvuka bahari na kuwaliza watu wa nchi nyingi.

Korea ya Kusini haikujaliwa soko kubwa namna hiyo. Watu wake hawafikii nusu ya Wajapani, na Japani iliwahi kuitawala Korea nzima tangu 1910 hadi 1945. Kwa uchungu wa utawala huo, na kwa hofu ya kumezwa tena, filamu na nyimbo za Kijapani zilizuiwa huko kwa miongo kadhaa. Mwaka 1998 serikali ya Rais Kim Dae-jung ilianza kuufungua mlango huo hatua kwa hatua. Wapo waliohofu kwamba sanaa ya taifa ingekufa.

Haikufa, kwa kuwa mlango haukufunguliwa bila matayarisho. Mwaka 1999 ilitungwa sheria ya kustawisha kazi za utamaduni, na serikali ikatoa fedha za kuzisaidia. Mwaka 2003 NHK yenyewe iliwaonyesha Wajapani mchezo wa Kikorea, Winter Sonata, nao wakaushangilia mno. Mwaka 2020 Parasite ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kutunukiwa Oscar ya filamu bora.

Hatusemi kwamba Japani imeshindwa. Katuni yake Spirited Away ilipata Oscar mwaka 2003. Tusemalo ni kwamba marufuku peke yake hayamlei msanii. Hulelewa kwa mafunzo, vifaa na malipo ya haki.

Yafaa viongozi wanaosimamia utamaduni walizingatie jambo hili, nasi watu wa visiwani tusiwe wepesi wa hofu. Taishokoto, chombo cha Kijapani, kiliingia katika taarab ya Mombasa, na taarab ikabaki ya Waswahili. Mgeni hamtoi mwenyeji nyumbani mwake, maadamu mwenyeji ameitunza nyumba.