Rekodi za Nyanza Zisizo na Kombe

Ukisimama Majanji, upande wa Uganda, au Sio Port, upande wa Kenya, una Nyanza, ziwa kubwa kuliko yote Afrika, mbele yako: kilomita za mraba zipatazo 68,800. Rekodi zake nyingine si za kupigiwa vigelegele, na visiwa ndivyo vinavyoumia kwanza.

Kisiwa kilichobanwa zaidi ni Migingo, mwamba wa kama nusu ekari unaogombaniwa na Kenya na Uganda. Mabati yameufunika karibu wote. Hakuna kichaka kilichobaki cha kuhurumia. Jirani yake Usingo ni kikubwa zaidi na karibu hakina watu.

Maji nayo yalivunja rekodi Mei 2020. Kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, kikaipita ile 13.41 ya mwaka 1964. Sentimita moja tu, lakini mwaka 1964 fuo hazikuwa zimejaa watu hivi. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2019 zilijaza ziwa, Budalangi, upande wa Kenya, ikazama, na huko Ngamba, kisiwa cha kuwahifadhi sokwe mtu, maji yakala ufuo.

Rekodi inayonisumbua zaidi ni ya furu, samaki wadogo wanaong'aa. Sangara, ambaye wavuvi wa Kenya humwita mbuta, aliingizwa ziwani miaka ya 1950. Alipoongezeka miaka ya 1980, aina zipatazo 200 za furu zilipotea, na wataalamu huliita tukio hilo miongoni mwa maangamizi makubwa zaidi ya wanyama wenye uti wa mgongo katika zama zetu. Waliosalia wengi wamejibanza kwenye miamba ya visiwa. Hata huko hawako salama: udongo na mbolea za mashambani huyatia maji tope, na jike, anayechagua dume kwa rangi, hamwoni sawasawa. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kuwa panapo tope, aina jirani huchanganyika. Hapo samaki hutoweka bila kuliwa na yeyote.

Nchi kavu ya visiwa nayo inaumia: kule kwenye visiwa vya Ssese, Bugala, kikubwa kuliko vyote vya kundi hilo, kimepoteza msitu kwa michikichi ya mafuta.

Mto Sio huchora sehemu ya mpaka wa Kenya na Uganda, kisha huingia ziwani. Mwenye shamba kandokando yake ayaache mafunjo yasimame. Ndiyo yanayozuia udongo usiwafikie furu.